Nyanya ipi niipande? Bibi Shamba anajibu barua zenu

Barua za mwezi huu nimezisoma barazani kwangu hapa Tengeru, na nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: ninunue mbegu gani ya nyanya? Nimechagua tano. Zilizokuwa ndefu nimezifupisha, na majina nimeyaficha kama mlivyoomba.

Shikamoo bibi shamba. Niko Kigamboni, nina kiwanja nyuma ya nyumba, kama hatua nane kwa kumi, udongo wa mchanga. Mwaka jana mwezi wa kumi na moja nilinunua pakiti ya Anna F1 kwa sababu picha ilinivutia, nyanya kubwa zimesongamana kwenye kikonyo. Miche ilistawi mpaka ikanipita urefu, ikachanua sana. Halafu maua yakadondoka karibu yote. Nimevuna nyanya sita. Jirani mmoja anasema niongeze mbolea, mwingine anasema niliuziwa mbegu feki. Nipande aina gani? (Mama wa watoto watatu, Kigamboni)

Marahaba, mwanangu. Kwanza nikutoe wasiwasi. Kwa unavyoeleza, mbegu ilikuwa nzima na chakula mche haukukosa. Nyanya yenye njaa haimpiti mtu kimo. Ukiongeza mbolea ya kukuzia utapata majani zaidi, maua yataendelea kuanguka vilevile. Kilichokuharibia msimu ni joto la usiku.

Siku nyingine maua yakianza kudondoka, okota moja ulitazame kwa karibu. Kwenye kikonyo chake utaona kifundo kidogo kilichopinda kama goti. Ua lililoshika, goti lile hubaki kijani na kuanza kunenepa. Ua lisiloshika, goti hugeuka manjano kwanza, rangi ya ndizi inayoanza kuiva, na siku moja au mbili baadaye linakatika papo hapo, safi, kama lililokatwa kwa wembe. Hakuna mdudu aliyelikata. Mche wenyewe umeliachia.

Ua la nyanya hujichavusha lenyewe. Chavua imo ndani ya kile kijibomba cha manjano katikati, na upepo ukilitikisa au nyuki akiliparamia, chavua inamwagika mahali pake. Lakini usiku ukikaa juu ya nyuzi 22 au 24, na mchana ukapita 32, chavua nyingi inakufa au inagandamana, na ua linabaki tasa. Dar es Salaam kuanzia Desemba hadi Machi usiku unakuwa nyuzi 24 au 25 wiki kwa wiki. Julai hushuka hadi 18 au 19. Wewe ulipanda Novemba, maua yakatoka katikati ya joto lenyewe.

Na Anna F1 ni chotara ndefu, yaani mbegu ya wazazi wawili waliochanganywa, iliyokusudiwa zaidi kitalu nyumba, na wenzetu wa nyanda za juu za Kenya wanaisifu kwa haki kabisa. Ila picha ya kwenye pakiti haikuambii ilipigwa mahali gani na usiku wa mahali hapo ukoje.

Nalisema hili kwa uchungu kwa kuwa limenifika. Nilipohamishwa kikazi kutoka Lushoto kwenda Muheza, nilibeba mbegu ya Moneymaker. Kule mlimani ilinizalia vizuri, tunda mviringo, laini, lenye maji, tamu kwa kachumbari. Nikawagawia akina mama wa kikundi kimoja, nikawaahidi mavuno. Maua yakamwagika kama yako. Akina mama wale walipoteza msimu mzima kwa neno langu. Tangu hapo mtu akiniuliza aina ya nyanya, naanza kumuuliza usiku wa kwao: je, mnajifunika blanketi au shuka?

Kwa kiwanja chako ningeanza na Tanya na Tengeru 97. Zote mbili zilitolewa mwaka 1997, ni kazi ya watafiti wa hapa Tengeru wakishirikiana na kituo cha kimataifa cha mboga kilichopo Arusha, na si chotara, kwa hiyo mbegu unaweza kuibakiza mwenyewe. Tanya ni fupi. Ikifika kimo chake inaacha kurefuka, inazaa kwa muda mfupi, inamaliza. Tengeru 97 ni ndefu, inataka kusimikiwa mti na kuondolewa maotea, vile vichipukizi vya pembeni, lakini inakulipa kwa kuvunwa muda mrefu zaidi. Isitoshe ina kinga dhidi ya minyoo fundo, na hilo kwa mtu wa mchangani ni kubwa. Ng'oa mmoja wa ile miche yako ya zamani uangalie mizizi. Ukikuta vifundo vingi kama shanga zilizotungwa, minyoo unayo. Kinga hiyo hulegea udongo ukipata joto kali, hivyo tandaza nyasi kavu au makuti yaliyochambuliwa, unene wa vidole vinne, udongo usiunguzwe na jua.

Halafu kuna jambo ambalo akina baba wa duka la pembejeo hawakuulizi: unapika nini? Tanya ina nyama nyingi na maji machache, mchuzi unakuwa mzito mapema, na ganda lake gumu linaiwezesha kukaa kapuni siku nyingi bila kulegea. Ganda hilohilo kwenye kachumbari linatafunika vibaya. Kama nyumbani kwako kachumbari ni ya kila siku, ongeza miche miwili ya nyanya cheri, zile ndogo za kutupia mdomoni. Cheri zinavumilia joto kuliko kubwa, zinashika hata Februari wakati nyingine zimegoma, na watoto watatu hawataziacha zifike jikoni.

Kalenda yako iwe hivi. Sia mbegu kwenye kitalu mwanzoni mwa Mei, juu weka paa la nailoni kwa sababu masika bado yanapiga. Hamisha miche mwanzoni mwa Juni ikiwa na wiki nne hivi. Maua yatakuja Julai, mwezi wa baridi kuliko yote kwako, na Agosti hadi Septemba unavuna. Maua yakiwepo, kila asubuhi kati ya saa nne na saa sita gongagonga mti wa kuegemezea kwa kijiti. Chavua inamwagika, ua linashika. Ni kazi ya dakika mbili nami siiachi.

Usipande aina moja tu. Panda miche sita ya Tanya, sita ya Tengeru 97, uandike tarehe kwenye daftari la shule: siku ya kusia, ua la kwanza, tunda la kwanza, mche uliougua. Daftari hilo baada ya misimu miwili litakuwa linajua Kigamboni kuliko mimi.

Kuhusu kantangaze uliyemtaja mwishoni mwa barua, yule kiwavi anayechora njia nyeupe ndani ya jani na kutoboa tunda: sijui nikupe aina gani, kwa kuwa hakuna kati ya hizi inayomshinda. Aliingia nchini mwaka 2014, akaonekana kwanza huku kwetu Arumeru, na wakulima wakampa jina hilo kwa jinsi alivyowafilisi, kana kwamba anasema nendeni mkanitangaze. Kwa kiwanja cha nyumbani, kagua majani kila jioni, lenye mchoro lichume ulichome moto au ulifunge kwenye mfuko uuanike juani. Na mnavu uote mbali na nyanya, maana humo ndimo anamojificha.

Asalaam aleykum bibi. Mie niko Mwera, Unguja. Tungule zangu zinanyauka zikiwa mbichi kabisa, majani hayajageuka hata manjano. Asubuhi mche umesimama, adhuhuri umelala, siku ya tatu umekufa. Namwagilia, haisaidii. Nimebadili mbegu mara mbili. Ipo tungule isiyopatwa na haya? (Msomaji wa kiume, Mwera)

Waaleykum salaam, mwanangu, na nimefurahi kulisoma neno tungule kwa nyanya, huku bara tunalisahau.

Kabla hujanunua mbegu ya tatu, fanya jaribio hili. Chukua glasi ya maji masafi, isiyo na rangi. Kata shina la mche ulionyauka leoleo, karibu na ardhi, kipande cha urefu wa kiganja. Kishike kwa mkono, ncha iliyokatwa iguse maji tu, usikitikise. Tulia hesabu mpaka mia mbili. Ukiona uzi mweupe kama tui unateremka kutoka kwenye shina, polepole, kama moshi uliopinduliwa, huo ni mnyauko wa bakteria. Mimi mara ya kwanza kuuona nilinyamaza kabisa. Mtu anamwagilia miezi miwili, kumbe mishipa ya mche imejaa ute na tone la maji halipandi.

Maji yakibaki masafi bila uzi, tuma barua nyingine, tutafuta sababu nyingine.

Ukiuona uzi, basi tatizo liko ardhini, na vijidudu hivyo vinakaa udongoni miaka. Tanya, Cal J, Roma, hata chotara za bei kubwa, ukizipanda hapohapo nyingi zitalala. Soma pakiti vizuri: herufi F nyuma ya jina, kama kwenye Roma VF (si ile F1 ya chotara), ni kinga ya mnyauko wa fuzari, ambao ni ukungu, nao ni ugonjwa mwingine kabisa. Huo hupandisha umanjano majani ya chini kwanza, mara nyingi upande mmoja. Watu wengi hununua kinga ya ugonjwa wasiokuwa nao.

Njia ninayoiamini ni kubebesha tungule juu ya bilinganya. Kituo cha mboga cha kimataifa kimeifundisha kazi hii miaka mingi, na bilinganya wanayoitumia sana kuwa shina la chini inaitwa EG203. Bilinganya yoyote ya sokoni haikupi uhakika uleule, nyingine nazo hunyauka. Miche yote miwili iwe na unene wa kijiti cha kiberiti. Bilinganya huota polepole, kwa hiyo isie mapema. Kata zote mshazari, ziunganishe kwa kipande cha mrija laini kilichopasuliwa, uziweke gizani penye unyevu siku tatu nne, kisha uzizoeze mwanga kidogo kidogo. Tunda litakuwa la tungule uliyoipenda, mizizi itakuwa ya bilinganya, na hiyo hustahimili hata maji yakituama. Wakati wa kupanda, kiungo kibaki juu ya udongo. Ukikifukia, tungule itatoa mizizi yake yenyewe na ugonjwa utaingia kwa mlango huo.

Kama kazi hiyo ni kubwa kwako, pumzisha kipande hicho cha ardhi. Panda mahindi au vitunguu misimu kadhaa, usiweke pilipili, bilinganya wala viazi mviringo, maana ni ukoo mmoja na tungule. Nyanya za jikoni zipande kwenye ndoo, udongo utoe mahali pengine kabisa. Jembe ulilotumia pale lioshe kabla hujaligusisha udongo mpya.

Bibi, huku Lushoto Aprili na Mei majani yanaungua kama yamemwagiwa maji ya moto, wiki moja shamba jeusi. Nibadili aina? (Kijana wa Soni)

Soni naifahamu, na hilo ni bakajani chelewa. Baridi, ukungu wa mlimani, majani yaliyolowa usiku kucha: ndicho chakula chake. Ni ugonjwa uleule ulioteketeza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, ndiyo maana nyanya kando ya shamba la viazi ni kujitafutia msiba. Hapa kubadili aina kutakusaidia kidogo kuliko kubadili paa. Chagua ndefu, usimike miti, kata majani yote ya chini mpaka kishada cha kwanza, na juu uiwekee nailoni kama kibanda kisicho na kuta. Mvua isiguse jani. Maji umwage shinani. Kama nailoni haipatikani, Aprili panda kabichi, nyanya usubiri.

Hujambo mama. Niko Kitengela. Mwaka jana nilipanda Assila F1, zikafanya vizuri ajabu, hazikushikwa na ule ugonjwa wa majani kujikunja. Nilikausha mbegu zake. Sasa zimezaa, lakini kila mche una sura yake, na mingine imejikunja majani. Nilikosea wapi? (Mama Kitengela)

Sijambo, mwenzangu. Kukausha hukukosea. Ni kwamba chotara haibakizwi. F1 maana yake ni mtoto wa kwanza wa wazazi wawili waliochaguliwa kwa makusudi, na yeye peke yake ndiye anayechukua mazuri ya pande zote mbili kwa pamoja. Watoto wake wanatawanyika: mmoja anarithi kinga ya rasta, mwingine anaikosa, mmoja mfupi, mwingine mrefu. Huku Tanzania wakulima huuita ugonjwa huo rasta kwa jinsi majani yanavyosokotana, na mwenezaji wake ni nzi weupe. Ukitaka Assila, nunua Assila kila msimu. Kwa bustani ya nyumbani gharama yake naiona ni halali pale tu nzi weupe wanapokusumbua kweli. Kama hawakusumbui, chukua Cal J, Rio Grande au Moneymaker, ubakize mbegu miaka yote.

Na kubakiza kwenyewe kuna utaratibu wake. Usichukue tunda lililokuvutia, chukua mche uliokuvutia: wenye afya, uliozaa vizuri kuliko wenzake. Tunda liivie mtini mpaka lilegee. Likate, kamua mbegu na majimaji yake ndani ya gilasi, usiongeze maji, funika kwa kitambaa uache siku mbili au tatu. Litanuka na litaota utando mweupe juu. Usiogope, ule ute unaozunguka kila mbegu ndio unaoyeyuka, na ndio unaoizuia kuota. Kisha jaza maji, koroga. Mbegu nzima zitazama, tupu zitaelea uzimwage. Osha kwenye chujio la chai, anika kivulini kwenye sahani. Usianike kwenye karatasi, zitagandia. Zikikauka kiasi cha kuteleza vidoleni, weka kwenye kichupa chenye kifuniko pamoja na punje chache za mchele mkavu, andika jina na mwaka. Zikikaa pakavu penye baridi, zitaota hata baada ya miaka minne.

Mbegu ya kwanza kabisa, hata hivyo, nunua iliyofungwa na yenye lebo. Kwenu Kenya, KEPHIS, wakaguzi wa mimea na mbegu, wana ile stika ya kukwangua na kutuma namba kwa ujumbe wa simu, kwetu tazama lebo ya TOSCI, taasisi ya Tanzania ya kuthibitisha mbegu. Mimi niliwahi kupimiwa "Tanya" kwa kijiko kutoka kwenye kopo lililo wazi, kwenye duka moja la pembejeo. Miche arobaini ikatoa aina tatu tofauti, na mmoja ulikuwa mnavu. Nilirudi na mche ule mkononi, nikaambiwa nilichanganya mwenyewe nyumbani. Pesa ilikuwa ndogo, lakini miezi mitatu hairudishwi na mtu.

Shikamoo. Nimepanga ghorofa ya pili Mwanza, nina veranda tu na ndoo tano tupu za rangi, za lita 20. Nyanya itawezekana? (Mwanafunzi, Nyegezi)

Marahaba, itawezekana, jua likifika hapo saa sita kwa siku au zaidi. Likifika saa tatu tu, panda mchicha na kotimiri.

Ndoo za rangi zisugue mpaka harufu iishe. Toboa matundu manane chini, weka changarawe kidogo, kisha udongo sehemu mbili na mboji iliyoiva sehemu moja. Mche mmoja kwa ndoo, nakusihi, hata ukiona nafasi inabaki. Chagua fupi: Tanya ndoo tatu, cheri ndoo mbili. Cheri ni ndefu kwa asili, ila unaweza kuifunga kwenye nondo za veranda ikapanda huko. Nyanya ndefu za matunda makubwa ziache, ndoo haiwezi kuzinywesha.

Kitakachokusumbua ni kuoza kitako: tunda zuri, chini limeingia doa jeusi lililobonyea kama ngozi. Si ugonjwa wa kuambukiza. Mche ukinyweshwa sana leo na kusahauliwa kesho, chokaa ya udongoni haifiki kwenye tunda, na nyanya za umbo la yai kama Roma zinadhurika kuliko za mviringo. Siku za mitihani mwachie mwenzako kazi hiyo kwa maandishi: lita moja asubuhi na moja jioni kwa kila ndoo tangu matunda yaanze kuning'inia, na kabla ya kumwaga achomeke kidole mpaka pingili ya pili. Kikitoka na udongo uliogandia, asubiri.